Imeandikwa, na Tena Imeandikwa

Haya niliyasema Jumamosi mbele ya vijana, akina mama na wazee wa kanisa tuliokutana Mkunazini, Unguja. Ndugu zetu wa Pemba na wengine waliokuwa kazini wameomba wayapate, basi nimeyaweka yote kama yalivyosemwa.

Tumsifu Yesu Kristo!

Mapadri wetu, wazee wangu, mama zangu, vijana, na ninyi majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko mkaja kukaa nasi, asalaam aleykum.

Mada ya leo wameichagua vijana. Waliniletea karatasi yenye swali moja: "Mwalimu, amri za Biblia tuzifuate kama zilivyoandikwa, au tuangalie wakati na mahali zilipotolewa?" Nitasema mapema nilipo, msije mkakaa mnanikisia. Naamini Biblia ni Neno la Mungu. Naamini linatubana, mimi wa kwanza. Na kwa sababu hiyo hiyo naamini hatuna ruhusa ya kuuchomoa mstari mmoja, kuutenga na ndugu zake, kisha kwenda kumpigia nao mtu. Wako wanaosema, "Imeandikwa, basi." Wako wanaosema, "Hayo yalikuwa ya zamani, basi." Wote wawili wamefunga kitabu mapema mno.

Nani alisimama juu ya kinara cha hekalu, akataja Zaburi, akamwambia Bwana wetu ajitupe chini? Ibilisi. Fungueni Mathayo sura ya 4. Hakuleta maneno ya kubuni. Alileta Zaburi ya 91, hii hii tunayoisoma usiku tukiogopa. Ila aliruka kipande. Zaburi inasema malaika watakulinda "katika njia zako zote", naye kipande hicho hakukitamka, maana kujirusha kutoka juu ya hekalu si njia ya mtu yeyote. Na Yesu alimjibuje? Alisema Zaburi ile imepitwa na wakati? La. Alisema Zaburi ile si kweli? La. Alisema, "Tena imeandikwa." Andiko likajibiwa kwa andiko. Yashikeni maneno hayo, nitayarudia mpaka mchoke: tena imeandikwa.

Yuko mama mmoja huko Pemba, namfahamu tangu nikiwa kijana. Ana ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi alijidunga insulini, na kwa kuwa kwake hapana friji, vichupa vyake alivihifadhi kwenye friji la duka la jirani, ndani ya kopo tupu la siagi lililoandikwa jina lake kwa makaa. Akaja mhubiri wa kupita. Akamsomea Yakobo sura ya 5, kwamba mgonjwa na awaite wazee wa kanisa wampake mafuta, na kule kuomba kwa imani kutamwokoa. Kisha akamwuliza: "Mama, sindano na Mungu, unamtegemea nani?" Yule mama akaenda dukani, akachukua kopo lake, akavimwaga vichupa jalalani. Siku chache tu, hajitambui. Vijana walimtoa shambani kwa gari la ng'ombe hadi barabara ya lami, ndipo wakapata gari ya kumfikisha hospitali. Alipona, Mungu ni mwema. Lakini kidonda kilichoanza mguuni wakati ule kinamtesa hadi leo.

Je, Yakobo alidanganya? Hasha! Padri wetu huwapaka wagonjwa mafuta, na mara nyingi mimi ndiye ninayemshikia kichupa. Lakini tena imeandikwa! Mfalme Hezekia alipougua, aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na nabii yule yule aliyeleta jibu la Mungu akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Soma 2 Wafalme sura ya 20. Msamaria mwema alitia jeraha mafuta na divai, akalifunga, akalipa gharama za kumtunza yule mtu. Paulo aliombea wagonjwa wakapona, lakini Timotheo alipoumwa tumbo mara kwa mara alimwambia atumie mvinyo kidogo. Sala na dawa vimekaa chumba kimoja katika Biblia nzima. Yule mhubiri alikuwa na mstari. Hakuwa na Biblia. Na aliyelipia upungufu huo si yeye, ni mama wa watu.

Jamani, sisi watu wa pwani hili tusingehitaji kufundishwa. Mama akimpa binti yake kanga iliyoandikwa "Wema hauozi", ile ni dua. Kanga hiyo hiyo akiivaa jirani uliyegombana naye jana, akapita mbele ya mlango wako mara mbili, maneno ni yale yale na ujumbe si ule. Hakuna mwanamke wa Unguja anayesoma kanga bila kuuliza nani kaivaa, kaivaa lini, na kapita wapi nayo. Mbona kanga tunaipa heshima hiyo na Neno la Mungu tunalinyima? Na majirani zetu mliopo hapa mna elimu nzima ya sababu za kushuka aya. Mwanachuoni hatoi hukumu kabla ya kuuliza aya ilishuka katika tukio gani na kwa ajili ya nani. Hakuna anayemwambia kwamba amepungua imani.

Sasa naomba tutazame hapa tulipokaa.

Mahali hapa palikuwa soko la watu. Waliletwa kutoka bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa, kupitia Kilwa na bandari nyingine za pwani. Wakapangwa, wakapapaswa misuli, wakafunguliwa midomo watazamwe meno. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko, baada ya Waingereza kumtishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa papa hapa, na Krismasi ya 1877 ikawa ibada ya kwanza. Askofu Edward Steere aliyesimamia ujenzi amezikwa nyuma ya altare. Mduara wa marumaru mbele ya altare mnaujua. Tumerithi kwa wazee kwamba ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa.

Tunapenda kuisimulia habari hii kama ushindi wa Biblia. Mimi nataka tuisimulie nzima. Katika wanunuzi wa watu wa pwani hii walikuwamo Wafaransa waliowapeleka kwenye mashamba ya miwa ya Mauritius na Réunion. Hao walikuwa watu waliobatizwa. Na upande wa pili wa dunia, kwenye visiwa vya Karibi na kusini mwa Marekani, wenye watumwa walikwenda kanisani Jumapili, wakafungua Waefeso sura ya 6, wakasoma: "Enyi watumwa, watiini wao walio bwana zenu." Imeandikwa! Nani atabisha? Imeandikwa, na iko hapo hata sasa, sijaifuta wala siifuti.

Mwaka 1807 kilichapishwa London kitabu kwa ajili ya watumwa wa makoloni ya Waingereza huko Karibi. Kilikuwa sehemu teule za Biblia. Na walizichaguaje? Habari ya Musa kuwatoa Waisraeli katika nyumba ya utumwa, wakaiondoa. Wagalatia 3:28, kwamba katika Kristo hapana mtumwa wala huru, wakauondoa. Waefeso 6:5, "Enyi watumwa, watiini", wakaubakiza.

Vijana, hapo nataka msimame nami. Kwa nini walikata? Kama mstari mmoja unatosha, kwa nini ile mingine iogopwe? Aliyekata alijua. Alijua vizuri kuliko wahubiri wengi wa leo kwamba mtumwa akipewa kitabu kizima, ule mstari mmoja hautaweza tena kumfunga. Alijua kuna "tena imeandikwa".

Na kweli, tena imeandikwa. Kutoka 21:16: anayemwiba mtu na kumwuza, adhabu yake ni kifo. Kwa mstari huo peke yake, biashara iliyofanyika kwenye udongo huu haikuwa na pa kusimama. Tena imeandikwa, Kumbukumbu la Torati 23:15: mtumwa aliyemtoroka bwana wake akakimbilia kwako, usimrudishe. Tena imeandikwa, sura ile ile ya 6 ya Waefeso, mistari minne tu mbele: ninyi mabwana, watendeeni wao yayo hayo, acheni kuwaogofya, maana Bwana wao na wenu yuko mbinguni. Ni mwenye shamba gani la miwa aliyesoma hadi hapo kwa sauti mbele ya watu wake? Na ipo barua ya Filemoni, sura moja, mistari 25. Onesimo ametoka kwa bwana wake, Paulo yuko kifungoni, anamrudisha na barua mkononi: mpokee, si kama mtumwa tena bali ndugu mpendwa, mpokee kama unavyonipokea mimi, na kama unamdai, niandikie mimi. Paulo aliwaandikia watu wachache wasio na sauti yoyote mbele ya Rumi, watu ambao wasingeweza kubadili sheria moja ya dola ile. Alichoweza ni kuingia ndani ya nyumba ya Filemoni na kugeuza mahali pa kukaa. Ukiichukua barua ya namna hiyo ukajengea soko, umeipindua.

Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alikua, akasoma, na mwaka 1879 akafanywa shemasi. Kazi ya shemasi ni nini? Kusoma Maandiko mbele ya watu. Hebu fikirini siku ilipofika zamu ya kusoma Waefeso 6. Mtoto aliyewahi kuwa bidhaa anausoma mstari ule kwa kinywa chake, na hakuna aliyeukata. Hakuhitaji kuuogopa, kwa sababu mikononi alikuwa na kitabu kizima. Hata hivyo hapa kwetu hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi 1897, na masuria waliachwa nje ya amri ile hadi 1909. Miaka hiyo yote mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalikuwa na watu wasio huru, na Wakristo waliokuwa na mistari ya kunyamazia walikuwapo.

Kwa hiyo nimejiwekea swali moja, nawapa na ninyi. Mtu akikuletea amri ya Biblia, mwulize: mzigo wake unamwangukia nani? Wenye watumwa walisoma mstari uliowabebesha wengine. Yule mhubiri wa Pemba alisoma mstari ambao gharama yake ilikuwa mguu wa mtu mwingine. Lakini Antonio wa Misri, yule kijana tajiri wa karne ya 3, alisikia kanisani "enenda ukauze ulivyo navyo, uwape maskini", akatoka akauza, akagawa. Alilichukua neno kama lilivyo, na mzigo ukamwangukia yeye. Mimi sina ubishi na mtu wa namna hiyo. Namheshimu na namwonea hofu.

Najua wapo mnaosema moyoni: mwalimu, hii habari ya mazingira ni mlango wa kutokea. Mtu hataki amri, anasema "ilikuwa ya wakati ule". Nakubali, wapo wanaofanya hivyo. Lakini tazameni Yesu mwenyewe. Luka sura ya 10 anawatuma wale sabini: msichukue mfuko, wala mkoba, wala viatu, wala msimwamkie mtu njiani. Msimwamkie mtu! Kijana akiishika hiyo kama ilivyo, akateremka hapa Mkunazini asubuhi, wazee wamekaa barazani na kahawa yao, akawapita kimya bila shikamoo, tutasema ametii Injili? Tutasema kwao hawakumlea. Safari ile ilikuwa ya haraka, na salamu za njiani, kama zetu, zilikuwa ndefu. Kisha geuza kurasa hadi Luka 22. Yesu anawauliza mitume: nilipowatuma bila mfuko, mlipungukiwa na kitu? Wanajibu, la. Anasema: lakini sasa, mwenye mfuko na auchukue. Lakini sasa! Mtoa amri ni yule yule, waliotumwa ni wanafunzi wa Bwana vile vile, na agizo limegeuka kwa sababu saa imegeuka. Anayesema kuangalia wakati ni kukosa imani, na amwulize Bwana mwenyewe.

Na mara nyingi ukiangalia mazingira, amri haipungui uzito. Inazidi. Kumbukumbu la Torati 22:8 inasema ukijenga nyumba mpya, zungushia ukuta juu yake, asije mtu akaanguka, ukaleta damu juu ya nyumba yako. Nyumba zao zilikuwa bapa juu, watu walipanda huko wakalala, wakaanika vitu. Sasa wewe nyumba yako Jang'ombe imeezekwa mabati, hakuna anayepanda. Ukiichukua amri kama ilivyo, haikuhusu, nenda kalale. Ukiuliza ilitolewa kwa nini, umekwisha. Maana Mungu anakudai ngazi ya ghorofa yako isiyo na kitu cha kushikia, anapopita bibi mwenye mtoto mgongoni. Anakudai kisima kisicho na mfuniko. Anakudai shimo ulilochimba mchanga ukaliacha wazi, masika yakalijaza maji, na watoto wa jirani wanapita hapo kwenda chuoni kusoma Kurani. Mji huu unaujua uchungu huo: Disemba 25, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki.

Ndugu wa Pemba mtanielewa zaidi kwa hili la pili. Sheria ya Musa inasema ukivuna, ukasahau mganda shambani, usirudi kuuchukua; ni wa mgeni, yatima na mjane. Mizeituni vivyo hivyo, ukishaitikisa usirudie matawi. Sisi hatuna miganda ya ngano wala mizeituni. Tuna mikarafuu. Na nani anaokota mpeta, zile karafuu zilizodondoka, chini ya mkarafuu msimu ukifika? Ni watoto na akina mama wasio na hata mti mmoja, wameinama, kanga imefungwa kiunoni, wanachambua punje moja moja kwenye majani makavu. Najua serikali ina hoja yake kuhusu mpeta, kwamba wezi hujifichia humo na watoto hukosa masomo; hoja hiyo ni ya kweli na watoto wawe shule. Lakini mwenye shamba Mkristo, hiyo haikuachii huru. Ukimkataza mjane kuokota, umempa nini badala yake? Amri haikuwa ya ngano. Ilikuwa ya mtu asiye na ardhi, na mtu huyo bado yuko pale chini ya mti.

Nipite haraka kwenye Yeremia 29:11, maana nimeiona kwenye fulana nyingi humu ndani. "Nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Ni neno zuri, lipendeni. Lakini mstari wa 10 unasema litatimia baada ya miaka 70. Waliosomewa barua ile kwanza, mateka wa Babeli, wengi walikuja kufa ugenini. Na mstari wa 7 ndio amri yenyewe: uombeeni amani mji mnaokaa, maana katika amani yake ninyi mtapata amani. Sisi ni wachache katika visiwa hivi. Anayetaka fulana ya mstari wa 11, na aufanyie kazi mstari wa 7: kwenye msiba wa jirani, kwenye foleni ya maji, na mchana wa Ramadhani anapotafuta mahali pa kulia chakula chake.

Sasa la mwisho, ambalo najua ndilo lililoandikisha ile karatasi. "Wanawake na wanyamaze katika kanisa." 1 Wakorintho 14:34. Imeandikwa.

Wadada, mmeambiwa hivyo mara ngapi? Someni sura nzima. Mstari wa 28: anenaye kwa lugha, asipokuwapo wa kufasiri, na anyamaze. Mstari wa 30: nabii anayesema, mwenziwe akifunuliwa neno, yule wa kwanza na anyamaze. Watu wa namna tatu wameambiwa wanyamaze ndani ya sura moja, katika kanisa ambalo kila mtu alikuwa akisema kwa wakati mmoja. Mbona sijaona kanisa lililomnyamazisha nabii mwanamume maisha yake yote kwa mstari wa 30? Tena imeandikwa, barua hiyo hiyo, sura ya 11: Paulo anawapa utaratibu wanawake wanaosali na kuhutubu mbele ya watu. Hampi mtu utaratibu wa jambo alilomkataza. Tena imeandikwa, Matendo 18: Priskila na Akila walimchukua Apolo, msomi wa Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Tena imeandikwa, Warumi 16: Paulo anamtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na anataka apokewe kwa heshima.

Wako watu wazuri na wacha Mungu wanaosoma haya na kufika mahali tofauti na mimi, na wamo humu. Tuendelee kusoma pamoja. Ninachokataa, na nitakikataa mpaka naingia kaburini, ni mwanamume kusimama na mstari mmoja mkononi, mzigo wote ukamwangukia mwenziwe, yeye asibebe kitu, kisha akaita hiyo ni utii.

Nimeambiwa tuna nusu saa ya maswali kabla ya sala ya jioni. Tuyatumie vizuri. Mwenye kipaza sauti, tafadhali anza huko nyuma walikokaa akina mama. Wanaume tutasubiri.